Mulika Ninapotazama

Tarehe 6 Februari

Mjomba, shikamoo.

Naamini umeamka salama huko kwa mwanao, na kile kikohozi cha asubuhi kimepata pa kwenda. Huku hatujambo. Binti yangu ameanza mwaka wa pili chuoni, anakusalimu, anasema ukirudi umletee zawadi. Nimemwambia zawadi ni wewe mwenyewe. Biashara inasogea. Viti vya kukodisha vimefika mia nne na ishirini, maturubai tisa. Jumamosi asubuhi nilivipeleka msibani, jioni vikawa harusini. Bibi harusi alicheka usiku kucha juu ya kiti ambacho mchana mtu alikuwa amekikalia akilia. Kiti hakina kumbukumbu.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya huko ina masikio mengi. Nikipiga, kaka, huyo mwanao, anaiweka mezani kwa sauti ya juu, wifi anasalimia, majirani wanasalimia, na wewe unaishia kusema "mimi mzima, mimi mzima" kama mtu aliyeshikwa na polisi. Tena kwenye simu hakuchorwi, na mimi nataka mchoro.

Lililonileta ni hili. Uliondoka kwa miezi mitatu, sasa huu ni wa saba. Juzi kaka amenipigia. Anasema nyumba yako imekuwa gofu, pikapu imekufa, na mzee wa umri wako harudishwi mahali kama hapo. Mwezi wa tisa atakuja kuangalia kwa macho yake. Akikuta hali ni hiyohiyo, nyumba itapangishwa, na pikapu itakwenda kwa watu wa chuma chakavu. Nikamuuliza, "Mzee mwenyewe anasemaje?" Akajibu, "Mzee hasemi kitu." Hapo ndipo niliposhtuka. Wewe na kutosema kitu mmejuana lini?

Basi nimeamua kutengeneza kila kitu kabla hajaja. Pikapu haiwaki. Bati linavuja juu ya kitanda chako. Bomba la bafuni linadondosha, nalisikia hadi chumbani kwangu upande wa pili wa ukuta wako, nimelifunga raba mpya mara mbili, na mara zote mbili limetulia wiki moja tu kisha likaanza tena, to, to, to, kama mtu anayenihesabia makosa.

Najua utacheka kwamba mimi ndiye ninayeuliza. Wanao wawili uliwapa spana. Leo mmoja anauza bima, mwingine anaendesha lori la tajiri. Mimi, mtoto wa dada yako, niliyelelewa kwenye ua huohuo, ulinipa tochi. Miaka yote ile nilishika tochi. Mkono ukichoka hukusema "pumzika", ulisema, "Egemeza kiwiko kwenye madigadi, gari halitakula." Nikimulika penye mkono wako ulifoka, "Mulika ninapotazama, si ninapogusa!" Spana yangu ya kwanza, namba kumi na tatu, nimeinunua mwenyewe nikiwa na mtoto mgongoni. Ninachokijua nimekiokota njiani. Sikuletei ugomvi, nakukumbusha tu anayeuliza ni nani.

Nisalimie wifi na kaka.

Mpwa wako.

*

Tarehe 27 Februari

Mpwa wangu, marahaba.

Barua yako imefika imekunjwa kama noti ya kondakta lakini imesomeka. Kikohozi kimeondoka. Hapa napikiwa, nafuliwa, nafunguliwa hadi mlango. Mwanangu na mkewe wananitunza vizuri mno, Mungu awape. Mjulishe mjukuu kwamba zawadi anayoitaka imeanza kuota kutu.

Usishangae mwandiko. Meza ya hapa ina mguu mmoja mfupi, inacheza nikiandika.

Bomba kwanza. Ukifunga raba mpya mara mbili na maji bado yanapita, iache raba, haina kesi. Funga maji kule kwenye mita, fungua kichwa cha bomba, ingiza kidole mpaka pale raba inapokalia. Utahisi mikwaruzo. Raba mpya juu ya kiti kibovu ni sawa na godoro jipya juu ya kitanda kilichovunjika chaga. Chukua mpini wa ufagio, ukate usawa wa kidole, gundisha msasa laini kwenye ncha, uzungushe humo taratibu mpaka kidole kisikwame. Nimekuchorea nyuma ya karatasi hii. Mduara umekuwa yai, lakini utaelewa.

Pikapu: usinunue kitu. Nasema tena, usinunue kitu. Niandikie kwanza inalia vipi unapojaribu kuiwasha.

Kuhusu kurudi, tutaona mvua zikipita.

Mjomba.

*

Tarehe 19 Machi

Mjomba, shikamoo.

Ahsante. Ahsante kwa mkono na kwa mdomo. Bomba limenyamaza. Kidole kilikwama palepale uliposema, kwenye mkwaruzo mmoja mwembamba kama unywele, na raba zangu mbili zilikuwa zinakatwa na huo. Nimelala usiku wa kwanza bila kuhesabiwa makosa, nikakosa usingizi kwa ukimya.

Mbaya ni kwamba barua yako ilikaa posta, na subira yangu unaijua. Ilipofika, betri mpya nilikuwa nimeshanunua na nimeshaifunga. Pikapu iliwaka siku mbili. Siku ya tatu, nina viti mia mbili vya kupeleka, nikageuza ufunguo: "tik." Nikageuza tena: "tik." Taa zinawaka vizuri, honi inalia mpaka jirani akatoka, ila starta haizunguki. Nimelazimika kukodi mkokoteni na wasukumaji wanne, na mmoja aliniuliza kama pikapu ni pambo la uani. Hebu niambie nifanye nini, na usiniambie kwamba ulinionya, nimeshajiambia mwenyewe.

Ndani ya kifurushi kuna vipande vitatu vya mpira nilivyokata kwenye tairi bovu: cha milimita tatu, cha sita na cha kumi. Jaribu kimoja kimoja chini ya mguu mfupi wa meza mpaka itulie, halafu ukipigilie msumari mdogo. Fundi kama wewe kuandikia meza inayocheza ni aibu ya ukoo.

Mvua si jibu. Hujasema unarudi lini.

Mpwa wako.

*

Tarehe 10 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Mjukuu mdogo wa hapa ameota jino, anamng'ata kila mtu isipokuwa mimi. Nadhani ananiona mwenzake wa meno machache.

Mpira umefika, nami nimeshukuru kuliko unavyodhani. Nimetumia kile cha sita. Meza imesimama kama ng'ombe aliyeshiba. Mwanangu ameuliza nani katengeneza, nikamwambia fundi wa kwetu. Mwandiko bado si mzuri, najua. Kalamu za huku zinateleza.

"Tik" hiyo naijua. Usibadilishe kitu ambacho hujakiuliza, mama. Betri hukuiuliza, uliihukumu. Fanya hivi. Jaribu kuwasha mara tatu nne, kisha zima na ushike kwa mkono zile nyaya mbili nene, kuanzia kwenye betri mpaka zinapoishia. Pale utakapokuta moto ndipo umeme unapokwama. Mimi ningeanza na ule waya wa nagetivu, pale unapofungwa kwenye injini, chini, ambapo hapaonekani. Ukiukuta una kutu ya kijani, haya, hukumu hapo.

Na ukiwa chini ya gari, pima pedi za breki, unitumie namba.

Mjomba.

*

Tarehe 8 Mei

Mjomba wangu, shikamoo, tena shikamoo ya kupiga goti.

Waya wa nagetivu! Nilipogusa mwisho wake kwenye injini nilirudisha mkono kama niliyegusa sufuria. Lakini wewe unanijua, sikuridhika na kidole. Nilichukua mita. Betri imepumzika: volti kumi na mbili nukta sita, haina tatizo. Nikaweka ncha moja ya mita kwenye nagetivu ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, binti yangu akageuza ufunguo: volti moja nukta nane. Pale ambapo mita isingetakiwa kusoma kitu! Yaani karibu volti mbili zilikuwa zinafia kwenye nati moja yenye kutu. Nikaifungua, nikapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, nikafunga, nikapaka grisi juu. Pikapu imewaka kabla sijamaliza kugeuza ufunguo. Betri ya zamani nimeirudisha mahali pake na nimeiomba radhi. Ile mpya naitunza mpaka ya zamani ishindwe kazi.

Tangu hapo nimeshapeleka viti sehemu sita na haijanikatalia. Kila ikiwaka nasema "ahsante mjomba" kwa sauti, watu wananitazama.

Breki sasa. Gurudumu la kulia, milimita nne na nne. La kushoto, pedi ya nje nne, ya ndani mbili. Nikasimama nikajiuliza, mbona ya ndani imeliwa peke yake? Nikaenda kwenye ile rafu yako stoo, ile uliyoiita rafu ya marehemu, ambako kila kipuri ulichotoa kwenye pikapu umekitundika kwa waya ukasema hakizikwi mpaka kieleze kilichokiua. Nikateremsha pedi za zamani zote. Kila jozi ya kushoto, ya ndani ndiyo iliyoliwa zaidi! Kwa hiyo si pedi, mjomba. Kuna pini pale inakwama, breki ikikamata haiachii. Umekuwa unabadilisha pedi miaka yote na mwenye kosa amekaa kando anatazama. Au nimekosea?

Nilitaka niziache hadi msimu wa harusi upite, kwa kuwa pikapu haipumziki. Unasemaje?

Nimekutumia kalamu tatu, za wino mzito, haziwezi kuteleza. Na kaka amesema tena mwezi wa tisa hauahirishwi. Nyumba inakungoja. Shuka nimebadilisha. Niambie tu siku.

Mpwa wako.

*

Tarehe 21 Julai

Mpwa wangu,

Nimechelewa kukuandikia, nisamehe. Sote wazima.

Hujakosea. Ni pini. Mimi nilikuwa naipaka grisi ikitulia naisahau. Toa zote mbili za upande ule, safisha, na raba zake za vumbi weka mpya. Na pedi badilisha leo, magurudumu yote mawili ya mbele pamoja. Breki hazibadilishwi upande mmoja, gari litakuvuta mtaroni. Bomba likidondosha lisubiri, bati lisubiri, redio isubiri mpaka ufe. Chochote kikiharibika kikikuudhi tu, kitumie mpaka kishindwe kazi. Kile ambacho kikiharibika kinaua, usikingoje.

Halafu nisikilize. Bati usihangaike nalo. Mwanangu akija mwezi wa tisa mwache afanye anavyoona. Nyumba wapangishe. Pikapu uza, ununue yenye umri wa binti yako. Umefanya vya kutosha, umefanya zaidi ya waliozaliwa na mimi. Kifaa kikichoka hubadilishwa, ndivyo dunia ilivyo.

Usinijibu hili.

Mjomba.

*

Tarehe 9 Agosti

Mjomba, shikamoo.

Ninajibu.

Barua yako nimeisoma jikoni, nikaisoma uani, nikaenda kuisoma nimekaa kwenye pikapu. Nikasema huyu mzee amenichoka. Kunipa tochi hakukumtosha, sasa hata kutengeneza ananikataza. Nilikasirika, sikufichi. Nilichukua barua zako zote ili nizichome.

Nikazipanga kwanza juu ya boneti, moja baada ya moja, tangu Februari. Ni mazoea ya ile rafu yako, siwezi kutupa kitu kabla hakijaeleza. Nikazitazama kama nilivyozitazama zile pedi. Sikusoma maneno, nilitazama mistari tu. Ya Februari, herufi zinatetemeka, meza inacheza. Sawa. Ya Aprili, meza imeshawekwa mpira, herufi zinatetemeka zaidi. Kalamu. Sawa. Ya Julai, meza imetulia, kalamu ni yangu, wino mzito, na neno "nisikilize" limechukua nusu ya mstari.

Nikarudi ndani, nikaweka kichwa kwenye usukani. Mjomba, nilibadilisha raba ya bomba mara mbili. Nikabadilisha betri. Nikabadilisha mguu wa meza, nikabadilisha kalamu. Mwaka mzima nafunga vipya juu ya visivyo na kosa!

Ni mikono, siyo?

Kama ni mikono, sema ni mikono. Hujaniambia miezi mitatu imekuwa mwaka kwa sababu gani, nami nimekaa hapa nahesabu kwamba hunitaki. Ungeniambia nisingekata matairi.

Halafu huo msemo wako wa kifaa kikichoka hubadilishwa, umeusoma wapi? Kwako sijawahi kuusikia. Wewe ulisema usibadilishe kitu kwa kuwa kimezeeka, badilisha kikishindwa kazi yake. Sasa kazi yako ni ipi? Pikapu imewaka kwa mikono ya nani? Bomba limenyamaza kwa mikono ya nani? Mikono ni yangu, mjomba. Na uliyeijua nati iliyofichwa chini ya injini, ukiwa safari ya siku mbili kwa basi, ni wewe. Hilo jicho bado halijashindwa kazi.

Breki nimefunga, jozi mbili, pini nimezisafisha na raba zake mpya. Zile za zamani nimezitundika kwenye rafu. Pikapu siuzi.

Mpwa wako, ambaye hajatulia.

*

Tarehe 27 Agosti

Mpwa wangu,

Ni mikono.

Ilianza kabla sijaondoka huko. Niliangusha nati ileile mara nne nikasema ina mafuta. Nikaifuta, nikaiangusha mara ya tano. Nikafunga boneti na kumpigia mwanangu kwamba nimechoka, anichukue nipumzike kidogo. Daktari wa hapa ameupa ugonjwa jina refu, mimi nauita mgeni. Haumi. Dawa zinampunguza sauti tu, hazimfukuzi. Kikombe nashika kwa mikono miwili. Shati nafungwa vifungo na mkwe wangu, mtoto wa watu, hajawahi kuguna hata siku moja.

Barua hii nimeianza Jumatatu. Leo ni Alhamisi.

Sikukuambia kwa sababu nilijua ungekuja kunichukua siku hiyohiyo, na fundi asiye na mikono anarudi nyumbani kufanya nini? Kukaa mlangoni akitazama wenzake wanavyofunga nati? Hapa angalau hakuna anayetegemea nitengeneze. Nilijiona pedi iliyobaki milimita moja. Hiyo huning'inizwa tu kwenye rafu.

Na hiyo tochi unayoniimbia miaka yote. Nilikuwa na watoto wawili wenye mikono. Mikono ni kitu cha kufundishwa, hata yule mwanangu wa lori anacho. Wanangu walipokuwa wanatazama, walitazama mikono yangu. Wewe ulikuwa unatazama nilipotazama. Kuna siku mwanga wako ulitangulia, nikakuta nati iliyolegea imeshamulikwa kabla sijaitafuta, na ulikuwa hujang'oa hata meno ya utoto. Nikasema huyu simwondoi kwenye tochi kwa chochote. Kwangu ile ilikuwa kazi kubwa kuliko spana. Nilidhani unajua. Kumbe ilibidi nikwambie, na mimi na kusema vitu vya namna hii hatukujuana.

Ahsante kwa mpira. Ahsante kwa kalamu. Nilikuwa najua havitasaidia, lakini nilivipokea, na kila nikiandika mguu wangu unaugusa ule mpira chini ya meza. Umenisaidia kwa namna nyingine.

Mjomba.

*

Tarehe 26 Septemba

Mjomba wangu, shikamoo.

Barua yako ya siku nne nimeiweka mahali pake, na si kwenye rafu.

Kaka alikuja. Nilimpokea stendi na pikapu. Alipoona nani anaendesha nini aliuliza, "Hii si imekufa?" Nikamwambia, "Panda, marehemu atakupeleka." Tulipokaribia makutano nilibana breki kwa makusudi, pikapu ikasimama mstari mmoja, haikuvuta kushoto wala kulia, miwani yake tu ndiyo iliyoendelea na safari.

Bati lilikuwa bado linanitesa, nami nikakataa kukusumbua. Nilimpandisha kaka juu na mpira wa maji, mimi nikakaa chumbani kwako chini ya dari. Nikamwambia anza kumwaga chini, panda taratibu. Amemwaga juu ya kitanda chako, pakavu. Akapanda. Pakavu. Alipofika karibu na kilele, ndipo tone likaanguka kwenye mto wako. Maji yalikuwa yanaingia kwenye msumari mmoja kule juu, yanatembea na boriti, yanashukia kwako. Na wewe miaka yote umepaka lami juu ya kitanda! Kuna lami pale ya unene wa kitabu cha dini. Tumebadilisha msumari mmoja na raba yake. Kaka ameupigilia mwenyewe, ameunyoosha vizuri tu. Spana ulizompa hazikupotea zote.

Jioni tulikaa uani. Mjomba, yeye si mtu mbaya, ni mwoga. Alisema, "Nyumba nimeiona, sina neno. Ila usiku akianguka bafuni atashikwa na nani?" Nikamwambia chumba changu na chake vinatenganishwa na ukuta mmoja. Alinitazama, akasema, "Na vifungo vya shati?" Nikamwambia nimefunga kamba za maturubai tisa kwenye upepo, vifungo sita vitanishinda? Akacheka mpaka akafuta macho. Amesema nyumba haipangishwi. Kurudi utaamua wewe, hakuna atakayekuamulia.

Bafuni nimeshafunga bomba la chuma la kushikilia, na mlangoni nimetoa kitasa cha kuzungusha nikaweka cha kubonyeza kwa kiwiko. Lakini hayo hayatoshi kukurudisha, najua. Kwa hiyo nikuambie shida yangu.

Pikapu ina sauti. Inakuja nikikata kona kwenda kulia nikiwa na mzigo, "ngu", mara moja, halafu kimya. Nimekaza kila nati niliyoifikia. Nimebadilisha raba moja kwa kubahatisha, na tayari najua nimekosea tena. Nikiingia chini ninashika spana kwa mkono huu na tochi kwa meno. Naona ninapogusa tu, sioni zaidi. Mimi leo nina mikono miwili mizima na sina anayejua pa kumulika.

Nisaidie.

Mpwa wako.

*

Tarehe 14 Oktoba

Mpwa wangu,

Sauti hiyo haiandikiki. Inabidi isikilizwe.

Nimemwambia mwanangu anikatie tiketi. Mkwe wangu amelia, nikamwambia usilie, utapata meza isiyocheza. Nitafika Jumapili ya tarehe moja mwezi ujao, kwa basi. Uje na pikapu, usije na turubai, mimi si msiba.

Nunua betri mpya za tochi. Safari hii nashika mimi.

Jambo moja linanisumbua, nalisema mapema usije ukashangaa. Mwanga utatetemeka.

Mjomba.

*

Tarehe 23 Oktoba

Mjomba, shikamoo.

Betri za tochi nimenunua. Hizi nimeziuliza kwanza.

Stendi nitakuwepo kabla ya basi. Shuka nimebadilisha tena. Binti yangu anakuja kwa likizo, anasema zawadi yake isichelewe.

Mwanga ukitetemeka, egemeza kiwiko kwenye madigadi. Gari halitakula.

Mpwa wako.